Yai Katika Glasi ya Spiriti

Mwalimu anavunja yai, anatenga kiini, kisha anamimina ute ndani ya glasi. Juu yake anaongeza spiriti kidogo kidogo. Watoto wa miaka minane au tisa wanasogeza shingo mbele ili waone vizuri. Ute uliokuwa unang'aa kama maji unaanza kuingia ukungu, unakuwa mweupe, na mwisho unaganda kama uliochemshwa. Mwalimu anawaambia kwamba pombe inaufanya hivyohivyo ubongo wa mnywaji. Kuanzia miaka ya 1880, somo la namna hii lilifundishwa katika shule za msingi za Marekani, mahali pengi kwa amri ya sheria.

Jaribio lenyewe halikuwa la uongo, maana ute huganda kweli. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayelowekwa ubongo ndani ya spiriti tupu. Kileo kinachofika kichwani kimekwisha kuzimuliwa na damu, na mtu hufa kabla damu yake haijafikisha hata asilimia moja ya kileo. Mtoto wa miaka minane hayajui hayo. Anachokijua ni kwamba baba yake alikunywa bia jana jioni, na leo asubuhi ameamka, amefunga viatu na kwenda kazini kama kawaida. Tangu hapo mtoto ana maneno mawili yasiyopatana, la mwalimu na la nyumbani, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kuyapatanisha.

Tabia ya watu wazima kuwafuata watoto kwa ajili ya pombe ilikuwa imeanza mapema zaidi, huko Uingereza. Mwaka 1847, katika mji wa viwanda wa Leeds, mchungaji wa Kibaptisti Jabez Tunnicliff na mama wa Kiayalandi Anne Jane Carlile walianzisha chama cha watoto kilichoitwa Band of Hope. Inasimuliwa kuwa Tunnicliff aliitwa kando ya kitanda cha mlevi aliyekuwa anakata roho, naye mlevi huyo akamsihi awaonye vijana wasiguse hata bilauri ya kwanza. Mtoto aliyejiunga aliweka ahadi ya kutokunywa kileo chochote. Baada ya hapo alikuwa na mkutano kila wiki: nyimbo, maandamano yenye mabango, na picha zilizomulikwa ukutani kwa taa maalumu. Kwa mtoto wa mtaa wa vibanda, ambaye hakuwa na burudani nyingine, hilo halikuwa jambo dogo. Kufikia mwisho wa karne ya 19, viongozi wa chama walidai kuwa na wanachama zaidi ya milioni tatu.

Tusiwacheke. Katika miji ile bia ilikuwa kinywaji cha kila siku, na mtoto alitumwa baa na jagi kumletea baba kama anavyotumwa leo dukani kununua chumvi. Ni mwaka 1901 tu Bunge la Uingereza lilipozuia watoto walio chini ya miaka 14 kuuziwa pombe ya kupeleka nyumbani, isipokuwa iliyofungwa vizuri chupani. Mwaka 1908 sheria nyingine ikakataza kumpa kileo mtoto aliye chini ya miaka mitano, isipokuwa kwa sababu kama ya ugonjwa, na kuwauzia sigara walio chini ya miaka 16. Sheria haitungwi kwa jambo ambalo halifanyiki.

Hata hivyo Band of Hope kilikuwa chama, na mzazi asiyekipenda alimweka mwanawe nyumbani. Aliyeliingiza somo hilo darasani, lisikwepeke, ni mwanamke mmoja wa Massachusetts.

Mary Hunt alizaliwa mwaka 1830, akawa mwalimu, akaolewa na kukaa Hyde Park, karibu na Boston. Inaelezwa kwamba mambo ya kileo yalimwingia akili alipokuwa akimsaidia mwanawe Alfred masomo ya kemia. (Alfred alikua akawa mtaalamu wa madini, na mwaka 1888 aliongoza kuanzishwa kwa kampuni ya aluminiamu iliyokuja kuitwa Alcoa. Kemia ya nyumba ile haikupotea bure.) Mama alianza na kamati ya shule za mji wake, akaishawishi iweke somo la madhara ya kileo. Aligundua upesi kwamba mji mmoja mmoja ungemchukua maisha yote. Mwaka 1880 alikabidhiwa idara mpya ndani ya Umoja wa Wanawake Wakristo wa Kupinga Ulevi, WCTU, uliokuwa umeundwa mwaka 1874 na ambao wakati huo uliongozwa na Frances Willard. Kazi ya idara ilikuwa kuyafanya mabunge ya majimbo yote yatunge sheria.

Wanawake hao hawakuwa na kura ya kumchagua mbunge. Walichokuwa nacho ni barua, hati za maombi zenye saini nyingi, na viti vya wageni bungeni, ambavyo walivijaza siku ya mjadala. Hunt alisafiri jimbo hadi jimbo, akijua nani amekwama, nani anaogopa wapigakura wake, na mke wa nani anahudhuria mikutano ya WCTU. Vermont ilipitisha sheria mwaka 1882, New York mwaka 1884. Mwaka 1886 Bunge la taifa lilipitisha sheria ya shule za mji mkuu, za maeneo ambayo hayajawa majimbo, na za vyuo vya jeshi, na Rais Grover Cleveland akaisaini. Karne ya 20 ilipoanza, kila jimbo la Marekani lilikuwa na sheria yake. Vyama vya siasa vyenye fedha na magazeti vimeshindwa kufanya kazi ya namna hiyo kwa muda kama huo.

Sheria ilihitaji vitabu, na hapo ndipo Hunt alipopata nguvu ambayo hakuna waziri wa elimu aliyekuwa nayo. Alitoa masharti kwa wachapishaji: kitabu cha afya na mwili wa binadamu kiwe na robo ya kurasa zake kuhusu kileo na tumbaku, kifundishe kwamba kileo ni sumu kwa kiasi chochote, kisiseme popote kwamba daktari anaweza kukitumia kama dawa. Kilichokubaliwa kilipata kibali chake, na wilaya zenye wapigakampeni wa WCTU hazikununua kisicho na kibali. Wachapishaji wakaanza kurekebisha vitabu vyao vya zamani. Watoto wakasoma kwamba pombe huunguza koo, hugeuza moyo kuwa mafuta, na kwamba bilauri ya kwanza huzaa kiu isiyozimika. Madhara ya kweli, kama kuharibika kwa ini, yalichanganywa na ya kubuni, wala mtoto hakuwa na njia ya kuyatenganisha.

Wanasayansi waliposoma vitabu hivyo, walishtuka. Mwaka 1893 baadhi ya wasomi na wafanyabiashara waliunda Kamati ya Hamsini ili kuchunguza suala zima la pombe kwa utulivu. Kazi ya shule ikapewa wataalamu wa mwili wa binadamu, akiwemo Henry Bowditch wa Harvard. Wakati huohuo, Wilbur Atwater, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Wesleyan katika jimbo la Connecticut, alikuwa amejenga chumba kidogo cha shaba ambamo mtu aliishi kwa siku kadhaa, akila, akilala na kufanya mazoezi, huku joto lote la mwili wake likipimwa. Atwater aliwapa watu wake kileo kidogo badala ya sehemu ya chakula, akaona kwamba mwili unakiunguza karibu chote na kupata nguvu kutokana nacho. Hakusema watu wanywe. Alisema tu kwamba kitabu kinachodai mwili hauwezi kabisa kukitumia kileo kinasema uongo. Alitukanwa kanisani na magazetini kama mtu aliyefungua kilabu cha pombe.

Ripoti ya Kamati ilipotoka mwaka 1903 na kuliponda somo la Hunt, yeye hakutetereka. Aliandika jibu refu, na mwaka 1904 Seneti ya Marekani ikalichapa kama hati yake rasmi. Alifariki mwaka 1906. Hapo ndipo yalipojulikana mambo ya mrabaha. Kwa miaka mingi Hunt alikuwa amesema hapokei hata senti kwa vitabu anavyovipa kibali, na kwa maana fulani ilikuwa kweli, kwa kuwa fedha zilikwenda kwenye chama kidogo alichokiunda mwenyewe. Lakini chama hicho kilizitumia kutunza makao yake makuu, na makao yenyewe yalikuwa nyumba aliyokuwa akiishi Hunt. WCTU ikajitenga haraka na urithi huo.

Je, somo lilifaulu? Waliolitetea walinyoosha kidole kwenye mwaka 1920, Marekani ilipopiga marufuku pombe nchi nzima kwa kura za watu waliosomeshwa vitabu vile. Waliolipinga walinyoosha kidole kwenye mwaka 1933, marufuku ilipofutwa na watu walewale. Zote mbili ni hoja za kisiasa, na hakuna hata moja inayosema kama mtoto aliyeliona yai likiganda alikunywa pungufu alipofika miaka 25. Wakati ule hakuna aliyepima.

Sigara ilipata mpiganaji wake pia: Lucy Page Gaston, mwalimu aliyekulia ndani ya WCTU, ambaye mwaka 1899 alianzisha umoja wa kupinga sigara huko Chicago na kuwaapisha wavulana. Kliniki zake ziliwasukutua midomo kwa dawa yenye madini ya fedha ndani yake, ili moshi utapishe. Majimbo 15 yalifikia hatua ya kukataza kuuza sigara. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, serikali yenyewe ikawapelekea askari tumbaku, na kufikia mwaka 1927 jimbo la mwisho, Kansas, lilikuwa limeifuta sheria hiyo.

Miaka iliyofuata shule zilinyamaza kwa kiasi. Harry Anslinger, aliyeongoza idara ya taifa ya dawa za kulevya tangu 1930 hadi 1962, hakupenda watoto wafundishwe habari za dawa hizo hata kidogo, kwa hofu kwamba somo lingeamsha udadisi. Baadaye, miaka ya 1960 ilipoleta bangi na dawa nyingine vyuoni, kila mtu alitaka kufundisha mara moja. Filamu, vijitabu na mabango vilimwagwa mashuleni, vingi vikiwa na makosa ya wazi ambayo vijana waliyatambua kuliko walimu wao. Mwaka 1973 tume ya taifa iliyoundwa kuchunguza bangi na dawa za kulevya ilipendekeza jambo ambalo tume hazina desturi ya kupendekeza: somo hilo lisitishwe kote mashuleni mpaka ijulikane kama linasaidia au linaharibu.

Pendekezo hilo lilistahili kusikilizwa kwa muda mrefu kuliko lilivyosikilizwa. Miaka tisa baadaye, mwaka 1982, mke wa rais, Nancy Reagan, alitembelea shule moja ya msingi ya Oakland, California. Mwanafunzi akamuuliza afanye nini akipewa dawa za kulevya. Alimjibu kwamba akatae tu. Jibu hilo la maneno machache likawa kampeni ya taifa, likachapwa kwenye fulana na mabango, na vilabu vya watoto vikaundwa kwa jina lake. Mwaka 1987 yai nalo likarudi, safari hii kwenye televisheni. Tangazo maarufu lilimwonyesha mwanamume akiwa na yai mkononi na kikaango cha moto mbele yake. Yai lilivunjwa, likachachatika kwenye mafuta, na watazamaji wakaambiwa huo ndio ubongo unaotumia dawa. Aliyelitunga huenda hakuwahi kusikia habari za glasi ya spiriti ya karne iliyopita, lakini alifikiri kama Mary Hunt.

Mtoto mkubwa wa zama hizo alizaliwa Los Angeles mwaka 1983. Mkuu wa polisi wa jiji, Daryl Gates, alikuwa amechoka kuona askari wake wakikamata wauzaji wadogo mashuleni bila mwisho. Akashirikiana na idara ya shule za jiji, ambayo mtaalamu wake wa afya, Ruth Rich, alitunga masomo kwa kuazima mengi kutoka mradi wa majaribio wa Chuo Kikuu cha Southern California. Mradi ukaitwa D.A.R.E. Askari mwenye sare aliingia darasa la tano au la sita mara moja kwa wiki, kwa wiki 17.

Kwa mtoto wa miaka 11, askari huyo alikuwa sherehe. Alikuja bila haraka, alikula naye chakula cha mchana, alicheza mpira wakati wa mapumziko. Mara nyingine aliegesha nje gari la kifahari lililonyang'anywa muuza dawa, likiwa limepakwa rangi na kuandikwa jina la mradi. Kulikuwa na simba wa kutengenezwa aitwaye Daren. Kulikuwa na sanduku ambamo mtoto aliweza kutumbukiza swali bila kuandika jina. Wanafunzi waliigiza jinsi ya kukataa: kusema hapana, kuondoka, kubadilisha mazungumzo, kurudia hapana. Mwishoni kulikuwa na mahafali, insha, cheti, na fulana nyeusi yenye herufi nyekundu. Wazazi walipiga picha. Mwanasiasa wa eneo alihutubia. Katika miaka ya 1990, takriban robo tatu ya wilaya za shule za Marekani zilikuwa na mradi huo, na nchi nyingine zaidi ya 40 zilikuwa zimeuchukua.

Upande wa pili haukupigwa picha. Magazeti yaliripoti watoto waliomweleza rafiki yao askari kwamba mama au baba anavuta bangi nyumbani, na wazazi wakaja kukamatwa. Gates mwenyewe, mwaka 1990, aliwaambia maseneta kwamba hata mtu anayetumia dawa mara moja moja anastahili kupigwa risasi. Huyo ndiye aliyekuwa mlezi wa mradi wa kuwafanya watoto wamwamini askari.

Safari hii lakini kulikuwa na watu wa kupima. Mwaka 1994 watafiti wa taasisi moja ya North Carolina walikusanya tafiti zilizokuwepo, wakaona kwamba D.A.R.E. iliongeza ujuzi wa watoto lakini athari yake katika matumizi ya dawa ilikuwa ndogo mno, karibu na hakuna. Mwaka 1998 utafiti wa Illinois uliowafuata wanafunzi kwa miaka sita ulikuta kwamba, katika shule za vitongoji vya wenye nafuu, waliopitia mradi waliwazidi kidogo wenzao kwa kutumia dawa. Mwaka 1999 ukaja utafiti wa Kentucky: vijana wapatao 1,000, miaka kumi baada ya kumwona askari darasani, walilinganishwa na ambao hawakumwona. Walipofika miaka 20 hawakutofautiana, si kwa sigara, si kwa pombe, si kwa bangi. Mwaka 2001 ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani iliuweka mradi huo wazi katika orodha ya mambo yasiyofanya kazi.

Hasira iliyofuata inafundisha kuliko takwimu. Meya wa Salt Lake City alipouondoa mradi huo mwaka 2000, alishambuliwa kama aliyewauza watoto wa jiji. Wazazi walikuwa wamemwona askari mpole, cheti ukutani na mtoto akikariri hatua za kukataa, na hilo liliwatuliza. Mradi ulikuwa umewafaa watu wazima kikamilifu, kwa hiyo uliendelea. Mwaka 2009 ulichukua mtaala uliotungwa na watafiti wengine kabisa.

Wakati askari wa kwanza wanaingia madarasani Los Angeles, njia iliyofanya kazi ilikuwa tayari imegunduliwa, ila haikuwa na simba wala gari. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika mji mdogo wa Baldwin City, Kansas, mwalimu wa darasa la nne aliyeshindwa na kelele alishirikiana na watafiti wawili. Waligawa darasa katika timu mbili. Mtoto akiondoka kitini bila ruhusa, au akipayuka, timu yake inapata alama ubaoni. Timu yenye alama chache inashinda, na zote mbili zikiwa chini ya kiwango kilichowekwa, zote zinashinda. Zawadi ilikuwa ndogo, kama kutangulia kwenda kula. Kelele zikapungua mno. Hakuna aliyetaja pombe wala sigara.

Mwaka 1985 Sheppard Kellam wa Johns Hopkins aliupeleka mchezo huo Baltimore, katika madarasa ya kwanza 41 ya shule 19, mitaa mingi ikiwa ya watu wa kipato cha chini. Baadhi ya madarasa yalipewa mchezo kwa bahati nasibu, mengine hayakupewa, na watoto wakafuatiliwa mpaka wakawa na miaka 19 hadi 21. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba, kwa wavulana waliocheza, kiwango cha kuwahi kuzama katika dawa za kulevya kilikuwa takriban nusu ya kile cha wenzao. Waliofaidika zaidi ni wale ambao kila mwalimu wa darasa la kwanza anawajua wiki ya pili: wapiganaji, wasiotulia, wanaotolewa nje kila siku. Mtoto wa aina hiyo, akijifunza akiwa na miaka sita kukaa na wenzake bila kufukuzwa, hatafuti wenzake wengine uchochoroni akiwa na miaka 13.

Mwaka 2013 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilitoa viwango vya kimataifa vya kuzuia matumizi ya dawa. Katika mambo ya shuleni ambayo ama hayasaidii ama yanadhuru, viwango hivyo vinataja hotuba zisizomshirikisha mtoto, habari za kutisha peke yake, ushuhuda wa waliowahi kutumia dawa, na somo linalofundishwa na polisi. Tukumbuke hiyo ndiyo karibu ratiba nzima ya Juni 26, siku ya kimataifa ya kupinga dawa za kulevya, katika shule nyingi za Tanzania na Kenya: maandamano asubuhi, ngonjera, mgeni mwenye sare, kijana aliyeacha heroini akisimulia alivyoteseka, mabango ya mafuvu, soda, na kwaheri mpaka mwakani.

Mwalimu mkuu hana haja ya kumfukuza mgeni huyo. Amkaribishe kwa staha, ampe kiti. Ila Juni 27 awaite walimu wake wa darasa la kwanza na la pili, wenye watoto 70 katika chumba kimoja, na awaulize ni kina nani wanaotolewa nje kila siku. Mchezo wa Kansas hauhitaji kitabu, umeme wala mfadhili. Unahitaji ubao, chaki na mwalimu aliyeelekezwa vizuri. Baltimore walianza na dakika 10, mara tatu kwa wiki.